Rekodi Kumi za Anga za Juu, Zikipimwa kwa Mizani ya Masisi na Walikale

Kila nchi maskini inapotangaza satelaiti mpya, swali linalofuata ni moja: watu hawajashiba, fedha hizo zinakwenda juu kutafuta nini? Ni swali la haki. Mahali pazuri pa kulijibia ni pale ambapo umaskini hauhitaji kuelezwa, na ndiyo maana orodha hii imeandikwa kwa kuangalia kutoka Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini ambako vita vimewahamisha watu mara nyingi kuliko mvua zilivyowahamisha, na ambako mwanakijiji hupanda kilima ili simu yake ikamate rezo.

Rekodi hizi kumi zinatoka Kongo, kwa majirani na mbali kidogo. Baadhi ni za fahari, baadhi ni za aibu. Nilipozipanga pamoja zilinipa jibu moja ambalo nitalisimamia mpaka mwisho: nchi maskini inapaswa kutumia fedha kwa ajili ya anga za juu, kwa sharti kwamba kila faranga ishuke chini mpaka kijijini na ionekane imefika. Isiyoshuka ni ya kukataliwa, hata ikipambwa kwa bendera.

1. Anga yenye radi nyingi kuliko zote Afrika

Mtu wa Walikale hahitaji kuambiwa kwamba kwao radi ni nyingi. Ambacho hakikujulikana ni wingi wake kwa hesabu. Hesabu hiyo ililetwa na TRMM, satelaiti ya pamoja ya Marekani na Japani iliyorushwa Novemba 1997 ikiwa na kifaa cha kunasa mimweko ya radi usiku na mchana. Watafiti walijumlisha kumbukumbu za miaka 16 na kuzichapisha mwaka 2016. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza duniani, mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, ilikwenda mashariki mwa Kongo na kuandikwa kwa jina la Kabare: mimweko 205. Ukanda wenyewe unafuata miteremko ya magharibi ya milima ya Mitumba, milima ile ile inayoibeba Masisi na kuteremkia kwenye misitu ya Walikale.

Hapa kwetu radi ikiua, mara nyingi hutafutiwa mwenyewe. Husemwa imetumwa, na anayenyooshewa kidole huwa mnyonge: mjane, mzee asiye na watoto, jirani aliyegombana na marehemu. Wapo waliofukuzwa kijijini, wapo walionyang'anywa shamba, na wapo waliopoteza roho. Ramani ya radi haiwezi peke yake kuondoa imani hiyo, lakini inampa mwalimu, mchungaji na chifu neno la kusema mbele ya watu: mahali hapa hupigwa kuliko karibu kila mahali duniani, basi tufunge paratoneri (kinga ya radi) juu ya paa la shule kabla ya kumtafuta mchawi. Kazi ya kuhesabu imefanywa na satelaiti ya wengine, na matokeo yako wazi kwa yeyote. Kilichobaki ni cha kwetu, nacho ni nyaya za shaba na fundi.

2. Barua inayosomwa zaidi kuhusu swali hili

Mwaka 1970 mtawa aliyefanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA aliyekuwa akishughulikia safari ya kwenda Mars. Aliuliza inawezekanaje kutumia mabilioni ya dola kwa safari hiyo huku watoto wakifa kwa njaa. Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu yenye heshima, akaiambatanisha na picha ya dunia ikichomoza juu ya upeo wa mwezi, iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 8 Desemba 1968. Alieleza kwamba utafiti usioonekana kuwa na faida leo huzaa dawa na chakula cha kesho, na kwamba satelaiti zitasaidia kilimo na utabiri wa hali ya hewa.

Kwa sehemu kubwa historia imemthibitisha. Hata hivyo barua hiyo ilitoka katika nchi iliyokwisha kujilisha. Marekani ingeweza kuendelea na Apollo bila kufunga hospitali hata moja. Swali la Masisi ni gumu zaidi, kwa kuwa hapa fedha ya kitu kimoja mara nyingi huwa imetolewa mdomoni mwa kitu kingine. Kwa hiyo hatuwezi kuazima jibu la Stuhlinger kama lilivyo; tunapaswa kutengeneza la kwetu.

3. Eneo kubwa zaidi la Kongo lililowahi kukabidhiwa warusha roketi

Machi 1976 serikali ya Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitia saini mkataba na OTRAG, kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ya kwanza duniani ya watu binafsi iliyokusudia kujenga na kuuza roketi za kurushia satelaiti. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kukiongoza Kituo cha Anga cha Kennedy huko Florida. Zaire iliipa kampuni hiyo haki juu ya takriban kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, Katanga ya leo, mpaka mwaka 2000. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, ina kilomita za mraba 23,000 na ushee. Kwa hiyo kampuni moja ilipewa nchi yenye ukubwa wa zaidi ya Walikale nne.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977 na kufanikiwa. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978. Siku moja kabla yake, askari wa miavuli wa Ufaransa walikuwa wamerukia Kolwezi, katika mkoa huo huo wa Shaba, kupambana na waasi waliouteka mji. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu katikati ya miaka ya sabini, na Zaire ilikuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu alikwenda mwenyewe kushuhudia roketi ya tatu. Ilipotoka mbele ya macho yake na kuanguka. Mwaka uliofuata, mataifa makubwa na majirani walipozidi kulalamika, aliufuta mradi, na kampuni ikahamia Libya.

Naiita hii mfano kamili wa fedha na ardhi zisizoshuka kijijini. Hapakuachwa shule ya uhandisi wala kituo cha utafiti ambacho Mkongo angeweza kukirithi. Mtu anayepinga anga za juu kwa jina la maskini ana haki ya kuitaja OTRAG kwanza, na sisi tunaozitetea tunapaswa kukubali kwamba hapo ana hoja.

4. Abiria wa kwanza wa roketi iliyotengenezwa na Wakongo

Alikuwa panya. Jean-Patrice Keka, mhandisi wa Kinshasa, alijenga roketi za mfululizo wa Troposphere na timu yake huko Menkao, mashariki mwa mji mkuu. Julai 2008 Troposphere 4 iliruka vizuri, na timu ilitangaza kwamba ilifika kilomita 15. Machi 2009 Troposphere 5 ilimbeba panya, ikatoka kwenye njia yake, ikaanguka, na panya akafa.

Wengi walicheka, na wengine wakasema fedha hiyo ingenunua dawa. Lakini Keka hakuwa ameomba ardhi ya mkoa mzima, wala hakupewa hazina ya taifa. Alifanya kazi na mafundi na vijana wa hapa hapa, kwa vifaa walivyovipata. Kilichoanguka kiliacha watu wanaojua kwa nini kimeanguka. Kati ya OTRAG na Troposphere, ni hii ndogo ya pili iliyoiachia Kongo ujuzi.

5. Mchango mkubwa zaidi wa Masisi na Walikale kwa anga za juu

Hapa ndipo moyo wa orodha hii ulipo. Mjadala wote huendeshwa kana kwamba maskini anaombwa aanze leo kulipia anga za juu. Wa Masisi na Walikale ameanza kulipia zamani.

Tuanze na Rubaya, katika wilaya ya Masisi. Vilima vyake vinakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani yote ya dunia, na Kongo nzima karibu asilimia 40 ya tantali, metali itokanayo na koltani. Tantali hutengenezewa kapasita, kijipande kidogo kuliko punje ya mchele, chenye uwezo wa kuhifadhi chaji nyingi mahali padogo na kustahimili joto na muda mrefu. Ndiyo maana kimo ndani ya simu, ndani ya kompyuta, na ndani ya mitambo ya satelaiti ambayo ikishapanda hakuna fundi wa kuifuata.

Safari ya kijipande hicho huanza kwa koleo na mtalimbo. Wachimbaji huukata mlima, udongo mwekundu ukamwagwa kwenye mfereji wa maji, wengine wakasimama humo magotini wakiukoroga kwa majembe. Udongo mwepesi huchukuliwa na maji. Chembe nyeusi nzito hubaki chini. Hukaushwa, hupimwa, hutiwa gunia, na gunia hupanda mgongoni. Mvua ikizidi, mlima uliochimbwa kila upande huporomoka, na watu hubaki chini yake. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya imekuwa mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya dola 800,000 hivi kila mwezi kwa ushuru wa koltani.

Walikale nayo ina rekodi isiyo na mpinzani. Mgodi wa Bisie ndio mgodi wa bati wenye mawe tajiri kuliko yote duniani: bati iliyomo ndani ya jiwe lake ni mara kadhaa ya ile ya migodi mingi, ambayo huishi kwa asilimia moja au chini yake. Mwaka 2024 kampuni ya Alphamin ilitoa humo zaidi ya tani 17,000, karibu asilimia 6 ya bati iliyochimbwa duniani. Kazi ilisimama Machi 2025 vita vilipoifikia Walikale, ikaanza tena Aprili. Bati ndiyo sehemu kubwa ya lehemu, ile inayoshikanisha kila kijipande kwenye ubao wa kielektroniki. Bila lehemu hakuna redio, na bila redio satelaiti ni chuma kinachozunguka bure.

Kabla ya kampuni hiyo kuingia, vijana walibeba magunia ya kilo 50 ya kasiterite, mawe ya bati, kutoka Bisie kupitia msituni mpaka Njingala, kwa miguu, wakilipa vizuizi vya wenye silaha njiani. Huko Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, zikajazwa mawe, zikaruka kwenda Goma, mji mkuu wa mkoa. Barabara pekee nzuri ya eneo lile ilikuwa uwanja wa ndege wa madini.

Basi anayesema Mkongo maskini hapaswi kulipia anga za juu amechelewa. Amekwisha kulipia kwa mgongo. Swali lililobaki ni lini atapokea alichokilipia.

6. Satelaiti ya kwanza yenye jina la Kiswahili

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi na Waitalia chini ya Luigi Broglio. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeuongoza mradi, aliipa jina Uhuru kwa kuwaheshimu wenyeji. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei ya nyota peke yake. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli, na Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kenya ilipata jina. Satelaiti ya kwanza ya Wakenya wenyewe, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa angani Mei 2018, miaka 47 na ushee baadaye. Chuo hicho kiliiunda kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, na Japani ikaiachia kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kupitia mpango wake na Umoja wa Mataifa. Mtoto aliyezaliwa siku Uhuru iliporushwa huenda alikuwa na wajukuu tayari. Kutoa mahali pa kurushia si sawa na kutoa watu wa kufundishwa. Nchi inayokodisha pwani yake au kilima chake lazima idai viti vya wanafunzi katika mkataba tangu ukurasa wa kwanza.

7. Hasara nzito zaidi katika ujirani wetu

Tarehe 26 Desemba 2017 Angola ilirusha AngoSat-1 kutoka Baikonur. Mradi ulikadiriwa kugharimu dola milioni 320 hivi, kwa mkopo wa Urusi. Mawasiliano yalikatika karibu mara tu ilipofika juu, na satelaiti haikufanya kazi. Urusi ililazimika kutengeneza nyingine, AngoSat-2, iliyorushwa Oktoba 2022. Nigeria iliyapitia yale yale: NigComSat-1, iliyojengwa na China, ilirushwa Mei 2007 na kufa Novemba 2008, mbadala wake ulipanda Desemba 2011.

Kongo nayo mwaka 2012 ilitia saini na kampuni ya China mkataba wa satelaiti ya mawasiliano, CongoSat-1. Haijapanda. Satelaiti kubwa za mawasiliano zina uzito wa tani kadhaa na bei ya kuogofya, na nchi inayozinunua kwa mkopo hununua pia deni la watoto wake. Hizi ndizo ninazozikataa mapema. Uwezo wa mawasiliano hukodishwa kwa bei nafuu kutoka kwa wenye nao; hauhitaji bendera kubandikwa ubavuni.

8. Rekodi za unafuu

India ilirusha Mangalyaan Novemba 2013 na kuifikisha kwenye obiti ya Mars tarehe 24 Septemba 2014, nchi ya kwanza kufaulu katika jaribio lake la kwanza, kwa takriban dola milioni 74. Lakini kwa msomaji wa Masisi kuna rekodi ya India iliyo bora zaidi na isiyotajwa sana. Mwaka 1975 na 1976, ilipokuwa bado na njaa ya kweli, India iliazima satelaiti ya Marekani, ATS-6, ikapeleka televisheni katika vijiji 2,400 vya majimbo sita: masomo ya watoto, ushauri wa kilimo, afya ya mama na mtoto. Hilo lilikuwa wazo la Vikram Sarabhai, mwanafizikia aliyeuanza mpango wa anga za juu wa India miaka ya sitini katika kijiji cha wavuvi cha Thumba, ofisi ikiwa ndani ya kanisa. Aliyeanza na mkulima ndiye aliyefika Mars.

Kwa Afrika Mashariki bei zimeshuka zaidi. Taifa-1 ya Kenya, ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa shilingi milioni 50 za Kenya, chini ya dola 400,000. Uganda ilipata PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, iliyotengenezwa na wahandisi wake vijana waliosomea Japani. Kwa upande wa Rwanda, satelaiti ya kampuni ya OneWeb iliyorushwa Februari 2019 ilipewa jina Icyerekezo na wanafunzi wa kisiwa cha Nkombo, ndani ya Ziwa Kivu lile lile linaloosha miguu ya Goma, ili shule zao za pembezoni ziunganishwe na intaneti. Kongo yenyewe Machi 2024 ilipiga marufuku vifaa vya Starlink, intaneti ya satelaiti, kwa hofu ya usalama, kisha Mei 2025 ikatoa leseni. Mwalimu wa Pinga, Walikale, au wa Nyabiondo, Masisi, anayenunua mega kwa fedha ya chakula anajua maana ya kusubiri huko kuliko mwanasheria yeyote.

Kwa kulinganisha, mpango wa serikali ya Kongo wa kuendeleza wilaya 145, Masisi na Walikale zikiwemo, ulipangiwa zaidi ya dola bilioni 1.6 za shule, zahanati na barabara. Satelaiti ndogo kama Taifa-1 isingefikia hata sehemu moja kati ya elfu nne za fedha hiyo. Anayedai satelaiti ndogo ndiyo iliyoiba dawa za zahanati, aichunguze hesabu hiyo upya.

9. Moja ya sensa zinazosubiriwa kwa muda mrefu zaidi duniani

Mara ya mwisho Kongo kuwahesabu watu wake ilikuwa mwaka 1984. Tangu hapo nchi hii ya zaidi ya watu milioni mia moja inakisiwa tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na watu nao hupotea vivyo hivyo. Kijiji kisichohesabiwa hakina haki ya madawati wala chanjo, kwa kuwa kwenye karatasi hakipo.

Picha za satelaiti zimeanza kuziba pengo hilo. Mradi wa GRID3 ulifanya kazi na wizara ya afya kuchora makazi ya Kongo, kuanzia paa za nyumba zinazoonekana kutoka juu, ili timu za chanjo zijue vijiji ambavyo ramani za zamani hazikuvitaja. Nesi anayetoka asubuhi na sanduku la baridi mgongoni hapati nafasi ya kubahatisha. Barafu ina saa zake. Akiwa na ramani inayoonyesha vitongoji sita nyuma ya kilima badala ya vinne, watoto wa vile viwili huchanjwa.

Masisi inahitaji hesabu ya namna hii kuliko sehemu nyingi. Watu wake huhama na vita, hukaa chini ya mahema meupe, hurudi, huhama tena. Februari 2025 kambi kubwa za kuzunguka Goma, zilizojaa watu wa Masisi, zilivunjwa kwa siku chache. Kumbukumbu ya picha kutoka juu huhifadhi mahali walipokuwa, na siku ya kudai mashamba na fidia, kumbukumbu hiyo itakuwa shahidi asiyehongeka.

10. Moja ya volkano hai zaidi Afrika, na waya uliokatika

Nyamulagira, iliyosimama mpakani mwa Masisi na Rutshuru, ni moja ya volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi Afrika. Jirani yake Nyiragongo ndiyo yenye kumbukumbu mbaya zaidi: 1977, 2002, na tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Anayeishi chini ya milima hiyo miwili ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kudai jicho lililo angani.

Jicho hilo lipo. Satelaiti za rada za Ulaya, Sentinel-1, hupita juu ya milima ya Virunga mara kwa mara, huona ardhi ikivimba au kupasuka kwa kiasi cha sentimita, hata kwenye mawingu na usiku, na data yake hutolewa bure. Baada ya lava kushuka, vipimo vya rada na vya mitetemo vilionyesha kwamba uji wa moto ulikuwa ukisogea chini ya Goma kuelekea ziwani. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mamia ya maelfu walitoka, wengi wakashika njia ya Sake, mlango wa Masisi, na watu wa huko ambao wenyewe walikuwa na kidogo waliwafungulia nyumba, makanisa na shule.

Lakini kabla ya hapo nini kilitokea? Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikuwa kimepoteza ufadhili wake mwaka 2020. Kwa miezi kadhaa hakikuwa na fedha za intaneti, hivyo takwimu za vifaa vya mlimani hazikuwafikia wataalamu kama ilivyopaswa. Mlipuko ulikuja bila tahadhari kwa wananchi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Huko juu kulikuwa na satelaiti za mamilioni ya yuro, zilizolipwa na wengine, zikifanya kazi yake bila kukosa. Kilichokosekana kilikuwa huku chini, kwetu, nacho kilikuwa bili ya mtandao.

Hesabu ya mwisho

Rekodi hizi kumi zikijumlishwa, hazikubaliani na anayesema tuache anga mpaka tuumalize umaskini, wala na anayetaka roketi kwa ajili ya gwaride. OTRAG na AngoSat-1 zinaonyesha fedha inavyopotea. Vijiji 2,400 vya India, ramani za chanjo na rada juu ya Nyiragongo vinaonyesha inavyorudi. Wilaya iliyo chini ya volkano, yenye miteremko inayoporomoka na radi za pili duniani, haiwezi kuita uchunguzi wa dunia anasa; mwenye nyumba ya mawe mjini anaweza kuishi bila tahadhari, maskini wa Masisi hawezi.

Fedha za kuanzia zipo, na zina jina kisheria. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za mahali madini yanapotoka, na 10 kwa Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo. Koltani ilitangazwa mwaka huo huo kuwa madini ya kimkakati, mrabaha wake ukapandishwa mpaka asilimia 10. Rubaya leo haiulishi mfuko huo hata senti, lakini Bisie inachimbwa, na Rubaya haitabaki mikononi mwa wenye bunduki milele.

Kwa hiyo dai langu ni hili, kwa mpangilio wa dharura. Kwanza, sehemu ya mfuko wa vizazi vijavyo itengwe kila mwaka kwa intaneti, mishahara na vifaa vya kituo cha volkano, ili kisitegemee tena huruma ya mfadhili. Pili, vijana wa Masisi na Walikale wasomeshwe kusoma picha za rada na ramani za radi na maporomoko, kisha waajiriwe katika mkoa wao. Tatu, shule na zahanati za ukanda wa radi zifungiwe paratoneri. Nne, hayo matatu yakisimama, ndipo Kongo ijenge satelaiti yake ndogo, kwa mikono ya vijana hao, na ipite juu ya Rubaya ikiuangalia mlima kabla haujawaangukia wachimbaji. Zahanati iendelee kupata dawa zake zote. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vinne kinachohitaji kuigusa bajeti yake. Tantali na bati vilikwisha kulipa.